Siku Niliyopima Gunia la Mke Wangu

Aibu yangu mimi ina jina, na jina lenyewe ni Lala Salama. Mpaka leo nikishuka Tengeru siku ya soko, nimevaa vizuri, kofia kichwani, natembea kama mtu mwenye shughuli zake, lazima itatoka sauti nyuma ya mikungu ya ndizi, "Lala Salama, hujambo?" na wanawake wote wa upande ule watainama kucheka, na mimi nitainua kofia niitikie, kwa sababu nimeshajua kwamba nikikasirika ndiyo nawapa kazi ya wiki nzima. Basi leo nasimulia mwenyewe, msikie kutoka kwa mwenye nayo, maana huko nje inasimuliwa vibaya na kuna wanaosema kwamba nililia. Sikulia. (Macho yalitoka maji, lakini ghalani pale palikuwa na vumbi la kahawa.)

Kwanza mjue kwamba mimi ni mtu wa njia. Nilipomaliza shule ya sekondari, wenzangu walitafuta kazi Arusha mjini wakatulia, mimi nikaanza kutembea. Nimekuwa karani wa mkonge Korogwe, nimekata tiketi za basi Moshi, nimehesabu magogo kule Momela, nimefika Voi na Nairobi, na kila nilipofika nilianza kuota nilikotoka, moshi wa jikoni kwetu, ukungu unavyoshuka mlima Meru asubuhi, mpaka nafunga mizigo narudi. Nikirudi, mwezi haujaisha, nyayo zinawasha tena. Naemi nilimwoa katika moja ya rudi-rudi hizo, na akanivumilia miaka tisa. Katika miaka hiyo mimba mbili ziliharibika, na mara zote mbili mimi nilikuwa safarini, habari nikazisoma kwenye barua niliyoandikiwa na mwalimu wa shule ya misheni. Hapo sina mzaha.

Baada ya barua ya pili nilirudi, nikasema sasa basi, nikapata ukarani wa mizani katika ghala moja la kahawa la chama cha wakulima, chini kidogo ya Nkoaranga. Nikakaa. Mwaka ukapita, wa pili ukapita, na nyumba yetu bado ilikuwa na watu wawili. Ndipo Naemi aliposema twende kwa Mama Damari, mkunga wa hospitali ya misheni, mwanamke wa makamo, mnene kidogo, mwenye sauti ya upole na macho yasiyo na upole hata chembe.

Mimi nilidhani nimemsindikiza mke wangu. Mama Damari akavuta viti viwili.

"Kaeni wote. Naemi, niambie, siku yako inakwendaje tangu unapoamka?"

Naemi akaeleza: maji, majani ya ng'ombe, shamba, kuni, na siku ya soko mkungu wa ndizi kichwani mpaka Tengeru na kurudi.

"Huko si kutembea, mwanangu, huko ni kubeba. Mwili wako haupumui." Akanigeukia. "Na wewe, bwana karani? Siku yako?"

"Nakaa mezani, mama."

"Na ukitoka kazini?"

"Nakaa kwa jirani."

"Mnakunywa nini huko kwa jirani?"

Nikakohoa. Naemi akatazama dari.

Mama Damari alituambia maneno ninayoyakumbuka mpaka leo. Alisema yeye hamwahidi mtu mtoto, kwa sababu mtoto si kahawa ya kupalilia ukavuna, lakini mwili uliochoshwa na mwili uliozembea yote miwili haiko tayari kwa kazi, na dawa ya yote miwili ni moja: mwendo wa taratibu, kila siku, wote wawili. Mwendo wa kuweza kuongea bila kuhema. Asubuhi kunyoosha mgongo na mikono. Kuchuchumaa polepole umeshika mwimo wa mlango, na kuinuka polepole. Naemi apunguze mizigo, mimi nipunguze jirani. Tena akamshika Naemi mkono akamwambia kwamba zile mimba mbili hakuziharibu yeye kwa lolote, nyingine hutoka tu, asijibebeshe na hilo.

Basi tukaanza, lakini kwa kujificha, maana kwetu mke na mume hawatembei njiani ubavu kwa ubavu bila sababu, watu wataona mmepatwa na kitu. Tulikuwa tunazunguka shamba letu wenyewe la migomba kila jioni, mizunguko ishirini, mimi mtu niliyetembea kwa miguu kutoka Korogwe mpaka Tanga sasa nazunguka migomba yangu kama ng'ombe wa kukamua miwa. Na nawaambieni ukweli, sikuwahi kufurahia safari kama ile. Nilikuwa sijui kwamba Naemi anaogopa radi. Nilikuwa sijui kwamba barua zangu zote, za Voi, za Moshi, alizihifadhi katika kopo la biskuti. Miaka kumi na moja ya ndoa, nikayajua haya kati ya mgomba na mgomba.

Ikapita miezi mitano, Naemi akashika mimba.

Mama Damari akamchunguza, akafurahi kwa namna yake, yaani hakutabasamu ila alitupa chai. Akasema aendelee kutembea, ila asitembee tena shambani kwetu kwenye mteremko na utelezi wa mvua, atembee mahali tambarare, asikimbie, asibebe kitu kizito, akichoka akae, na akiona damu au maumivu aache kila kitu aje siku hiyohiyo. "Na msikubali wamlaze kitandani mwezi mzima kama safari iliyopita," alisema, kwa sababu mimba ya pili mama yangu alimlaza Naemi chali wiki tano, kwa upendo mtupu, mpaka alipoinuka akawa anashika ukuta na miguu imevimba.

Tulipofika nyumbani Naemi akanisimamisha mlangoni.

"Niahidi kitu kimoja. Mtu yeyote asijue mpaka mtoto acheze tumboni. Safari zile mbili walijua wote, na wote walikuja kunipa pole. Sitaki pole ya tatu."

Nikamwahidi. Nalisema hili polepole, kwa sababu ndilo jambo lote.

Sasa, pale kwetu kulikuwa na mahali pamoja tu tambarare, barabara ya kutoka nyumbani kwenda darajani, na barabara hiyo inapita mbele ya ghala letu la kahawa na inakwenda, ng'ambo ya daraja, mpaka nyumbani kwa wazazi wa Naemi. Na mwanamke wa Kimeru hatembei barabarani mikono mitupu. Hana kapu, hana mkungu, hana tita la majani, hana hata jembe, anakwenda wapi? Kuna jibu moja tu: anarudi kwao.

Siku ya kwanza jirani yetu Mama Elineema alimwita kutoka kwenye ua, "Naemi, kuna msiba kwenu?" Siku ya pili, "Naemi, mwanangu, amekupiga?" Siku ya tatu nilikuta wazee wawili wamekaa barazani kwangu, wananiuliza kwa mzunguko kama kuna jambo ninalohitaji kusaidiwa kulisema. Siku ya nne zikaja habari kwamba baba mkwe wangu, Mzee Loti, amekisafisha chumba cha uani na kukitengeneza kitanda, na hasemi na mtu.

Ndipo nikafanya uamuzi wangu mdogo. Nilisema (na nilijiona nina akili, ndilo linaloniuma), "Tatizo si kutembea, tatizo ni mikono mitupu. Tuwape mzigo wauone." Ghalani kwetu kulikuwa na magunia matupu mengi, mengine yametoboka hayafai kahawa, nikachukua moja, nikalijaza majani makavu ya migomba, nikayashindilia mpaka gunia likasimama lenyewe kama askari. Ukiliona kwa mbali unasema mzigo huo. Ukilibeba, halina uzito hata wa kumsumbua mtoto. Naemi aliliinua kwa mkono mmoja akacheka, mara yake ya kwanza kucheka wiki ile. Na kwa kuwa Mama Damari alisema akichoka akae, nikamwekea katikati ya majani mto wetu wa kulalia, ule aliokuja nao siku ya harusi, ameudarizi mwenyewe shuleni kwa uzi mwekundu: njiwa wawili wanatazamana, na chini yao LALA SALAMA.

Kulikuwa na kitu nilichokisahau, mimi karani, ninayekiona kila siku ya Mungu. Gunia lilikuwa na muhuri mweusi wa chama, mkubwa kama sahani.

Wiki mbili mambo yalikwenda vizuri kabisa. Naemi alikuwa anashuka na gunia kichwani, taratibu, anafika darajani, anakaa juu ya gunia lenye mto wake anapumzika, anarudi. Watu wakanyamaza. Mama Elineema hata akamsifu, "Hivyo ndivyo, mama, fanya kazi, mawazo yataondoka." Alianza kulala vizuri, mgongo ukaacha kumuuma, chakula kikakaa tumboni. Mimi nikawa najipongeza mezani.

Ila barabarani kulikuwa na macho ya mtu mwingine. Msimu ule kulikuwa na maneno kwamba kahawa ya chama inatoka ghalani kwa mlango wa nyuma, na mshili wetu (ndiye mzee anayesimamia eneo kwa niaba ya mangi, chifu wetu) alikuwa amemweka tarishi mpya, kijana mrefu aitwaye Yonazi, mwenye fulana ya kaki na bidii isiyokuwa na mpaka. Yonazi akaona: mke wa karani wa mizani, gunia lenye muhuri wa ghala, kila siku. Na akaona jambo la ajabu zaidi, ambalo mimi na akili zangu za sekondari sikuliwaza, kwamba mwanamke huyu anashuka na gunia limejaa na anapanda na gunia limejaa. Halipungui, haliongezeki. Wizi wa namna gani huo? Yonazi hakulala.

Akachagua siku ya mizani. Siku hiyo wakulima wote wanashusha kahawa yao, uwanja umejaa watu na punda, mshili yupo kwenye kiti, picha ya Mfalme wa Uingereza iko ukutani nyuma yangu, na mimi nimesimama kwenye mizani, penseli sikioni, nasoma uzito kwa sauti kubwa ya kiserikali. Nilikuwa nimefika kwa Mzee Loti, baba mkwe wangu. Nimemwamkia, "Shikamoo baba," ameitikia kwa kuinua kidevu tu (kile kitanda cha uani bado kilikuwa kimetandikwa), nikapandisha gunia lake, "Ratili mia na ishirini na mbili," na hapo nikasikia watu wamenyamaza kuanzia upande wa barabara.

Ulikuwa unakuja msafara. Mbele Yonazi na fimbo yake. Nyuma watu kama thelathini, Mama Elineema akiwa wa kwanza. Katikati Naemi, gunia kichwani, shingo imenyooka. Na msafara wote huo ulikuwa unatembea polepole, polepole kiasi kwamba mshili alisimama kwenye kiti kutazama.

"Yonazi, mnaleta maiti?"

"Hapana, mzee! Nimemkamata darajani na mali ya chama!" Yonazi alikuwa anatoka jasho. "Lakini amekataa kukaza mwendo. Nikimwambia harakisha, anasema yeye ana mwendo wake. Nikimsukuma kwa maneno, anakaa chini! Amekaa mara mbili!"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa natazama uso wa Naemi, kuona kama ana maumivu. Hakuwa na maumivu. Alikuwa amekasirika kwa utulivu mkubwa.

"Umebeba nini, mama?" mshili akamuuliza.

"Mzigo wangu."

"Mzigo gani?"

Naemi alikuwa ameshika ahadi yetu kwa meno, nami nilijua kwamba angesimama pale mpaka jua lizame asiseme neno.

"Gunia lina alama ya ghala lako, karani," mshili akasema. "Na mwanamke ni wako. Pima."

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningemsogelea mshili, nikamnong'oneza sikioni maneno matatu, yakaisha. Badala yake, sijui niseme nini, mkono wangu ulizoea, nikachukua gunia la mke wangu nikaliweka kwenye mizani, nikavuta penseli, na nikasoma kwa sauti ileile ya kiserikali:

"Ratili saba."

Gunia limesimama pale, kubwa kama la Mzee Loti, ratili saba.

"Mizani imeharibika!" mtu akapiga kelele, na wote waliokwisha kupima wakaanza kunguruma, maana kama mizani imeharibika wameibiwa wote. Yonazi akanyakua gunia la Mzee Loti akalirudisha, mia na ishirini na mbili. Akaweka la Naemi, saba. La mzee, mia na ishirini na mbili. La Naemi, saba. Akalitazama gunia kama mtu anayetazama nyoka, akakata kamba, akaligeuza.

Majani yalitoka mengi kuliko nilivyodhani niliyaweka. Yalitoka na kutoka, upepo ukayachukua, yakaingia kwenye kahawa ya watu, yakakaa kwenye kofia ya mshili, punda mmoja akaanza kula. Na mwisho, taratibu, ukadondoka mto, ukabiringika, ukasimama mbele ya viatu vya mshili, njiwa wawili wakitazamana.

Yonazi alisoma kwa sauti, kwa sababu alikuwa amejifunza kusoma karibuni na alikuwa hapitwi na neno: "Lala. Salama."

Kwanza watu walicheka, kicheko cha uwanja mzima. Kisha kicheko kikabadilika, nilikisikia kinavyobadilika. Sauti ya mwanamume mmoja kutoka nyuma ikasema, "Kila siku darajani, na mto wa kulalia? Anakwenda kumlalia nani?" Mwingine akasema, "Ndiyo maana haharakishi, amechoka." Na Mama Elineema, ambaye alikuwa mbele kabisa, akafunika mdomo kwa kanga.

Mzee Loti aliinama tu akaanza kufunga upya gunia lake la kahawa ambalo lilikuwa limefungwa tayari.

Naemi akanitazama. Nataka mwelewe mtazamo ule. Hakuwa ananiomba niseme. Alikuwa ananiomba nisiseme. Alikuwa tayari kuitwa jina lolote, mbele ya baba yake, kuliko kusikia pole ya tatu. Na mimi nikamtazama yeye, nikamtazama baba yake na kamba yake, na nikaona kwamba mambo haya yote yametoka mkononi mwangu, tangu gunia mpaka mto, na kwamba mara mbili alipokuwa na shida mimi sikuwepo, na leo nipo.

"Ana mimba!" nikapiga kelele. Sikusema, nilipiga kelele, kwa sauti ya mizani, nadhani hata hospitalini walisikia. "Mke wangu ana mimba! Mkunga amesema atembee! Asibebe kitu kizito! Asikimbie! Akichoka akae, ndiyo mto! Sasa ninyi mkimwona mikono mitupu mnasema amekimbia mume, basi nikamjazia majani!"

Hakuna aliyejibu. Na mtu mwoga akikutana na kimya hujaza (mimi ni mtu wa namna hiyo), kwa hiyo nikaendelea. Nikasema mkunga amesema mwendo wa kuweza kuongea, hivi, nikatembea kutoka mizani mpaka kwenye kiti cha mshili na kurudi, naongea. Nikasema asubuhi ananyoosha mikono, hivi. Nikasema anachuchumaa polepole ameshika mwimo wa mlango, na kwa kuwa mwimo haukuwepo nikashika nguzo ya mizani, nikachuchumaa, mbele ya wakulima wote wa eneo, mbele ya baba mkwe ambaye katika maisha yangu yote sijawahi hata kutafuna nyama akiniangalia, penseli ikaanguka sikioni, na nikagundua nikiwa chini pale kwamba mimi mwenyewe siku nyingi sijachuchumaa na magoti yamekataa kuinuka.

Yonazi ndiye aliyeniinua. Kijana mwema, kwa kweli.

Ndipo Mzee Loti akaiacha kamba. Akapita katikati ya majani, akauokota ule mto, akaukung'uta mara tatu, taratibu, akauweka juu ya gunia lake la kahawa, akaulaza vizuri. Akamwambia binti yake, "Kaa hapo, mama."

Naemi akakaa. Akainamisha kichwa, na baba yake akasimama mbele yake, mgongo wake umetugeukia sisi wote, kama mtu anayemkinga mwenzake na upepo.

Mshili akaondoa jani kwenye kofia yake. "Karani," akasema, "gunia ni la chama, litabaki. Majani ni yako, yazoe. Mke ni wako, mpeleke nyumbani, kwa mwendo huohuo."

Nikazoa majani. Mnajua majani makavu ya mgomba yanavyozoleka siku ya upepo? Nilipomaliza, Naemi akainuka, akaniambia maneno yake ya kwanza tangu aletwe pale: "Bado nina nusu ya matembezi yangu." Akaanza kutembea. Na mimi nikaacha mizani, nikachukua mto, nikatembea naye ubavu kwa ubavu, barabarani, mchana kweupe, mwanamume mzima mwenye suruali ndefu na njiwa wawili kwapani. Ndiyo siku nilipopata jina.

Tulitembea hivyo mpaka langoni kwetu.

"Uliahidi," alisema.

"Niliahidi."

"Sasa wote wanajua. Ikiwa tena..." Hakumaliza. Akaingia ndani, na usiku ule mto wa njiwa alilalia yeye peke yake.

Kesho yake asubuhi niliamka nikiwa na uhakika kwamba hatatembea tena, na kosa ni langu. Nikasikia watu langoni. Alikuwa Mama Elineema na wanawake wengine wawili, na hakuna aliyekuwa na kapu, wala jembe, wala tita. Mikono mitupu, wote watatu, wameona aibu kama wasichana.

"Tumesikia kutembea ni kuzuri," Mama Elineema akasema, huku anatazama migomba. "Miguu yetu nayo imechoka kubeba. Mwite, na mwambie hatutampa pole. Tutaongea habari za watu wengine."

Naemi alikuwa nyuma yangu amesikia. Akavaa kanga yake, akachukua mto wake kitandani, akanipita bila kunitazama. Lakini alipofika langoni aligeuka, na nikaona kwamba mdomo wake haujakasirika sana kama jana. Wakaenda darajani wanne, wanaongea mwendo mzima, hawahemi. Mama Damari angefurahi kwa namna yake.

Wakatembea hivyo miezi yote iliyobaki, siku nyingine wanne, siku nyingine kumi, isipokuwa siku chache Naemi alipojisikia vibaya, akapumzika kama alivyoambiwa. Mwezi mmoja baada ya ile siku ya mizani, akiwa amekaa darajani, aliweka mkono tumboni akanyamaza, na Mama Elineema akanyamaza, na wote wakanyamaza. Mtoto alikuwa amecheza. Nasikia waliinuka tu wakarudi nyumbani polepole kuliko siku zote.

Binti yetu alizaliwa hospitalini, akalia kabla hajafika mikononi mwa Mama Damari. Nilipotaka kumshukuru Mama Damari kwa matembezi yale, alinikata kauli. "Matembezi yalimpa mama yake nguvu na usingizi. Mtoto kampa Mungu. Na wewe, magoti yako vipi?" Habari zilikuwa zimefika mpaka wodini.

Sasa binti huyo ana miaka saba, na nyayo zangu bado zinawasha, sikatai. Nikiona basi la Moshi linaondoka moyo unanyanyuka kidogo. Lakini kila jioni tunatembea mpaka darajani watatu, mikono mitupu, mtu akiuliza tunakwenda wapi nasema hatwendi popote, tunatembea. Gunia sitalijaza majani tena maishani mwangu, wala sitangoja nifikishwe kwenye mizani ndiyo niseme kwamba huyu ni mke wangu na yuko hivi. Na mkinikuta Tengeru mkaniita Lala Salama, iteni tu. Mto wenyewe ameuchukua binti yetu, njiwa mmoja uzi umeshamwisha, na hakubali kulala bila huo.